Fundi husema kwa vitenzi: Somo la istilahi kutoka Karurumo

LEO nitaanza kwa kukiri kosa. Ni kosa langu mwenyewe, na limenigharimu sanduku moja la mbao na usingizi wa siku mbili.

Mpwa wangu hufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari si mbali na Runyenjes, Kaunti ya Embu. Wanafunzi wa fizikia hujifunza kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka, na njia rahisi ya kulithibitisha hilo ni kutengeneza kamera ya tundu la pini. Kwa kawaida huundwa kwa katoni. Shida ni kwamba katoni hulegea mvua ikinyesha, na kule kwetu mvua haiombi ruhusa. Basi akaniomba nimtafutie seremala wa kumtengenezea kamera ya mbao, ya kudumu.

Seremala ninaye. Ni rika langu, tulikaa dawati moja shule ya msingi. Baada ya mtihani wa darasa la saba mimi niliendelea na masomo, yeye akashika randa na msumeno. Karakana yake iko hapo Karurumo, paa la mabati, mlango ulio wazi mchana kutwa. Umeme upo, lakini kazi zake za fanicha huzifanya kwa zana za mkono. Husema mashine humharakisha kabla hajaijua mbao.

Nilimwandikia maelezo ya kazi kwa Kiswahili ambacho nilikiona kuwa safi kabisa: sanduku la urefu wa sentimita 15 kutoka tundu hadi pazia, upande wa mbele uwe na nafasi ya kubandika kipande cha bati chembamba chenye tundu la nusu milimita hivi, upande wa nyuma uwe na fremu ya kuwekea karatasi inayopitisha mwanga, na pembe zote ziunganishwe kwa 'viungo vya mkia wa njiwa'.

Majuma mawili baadaye nikaenda kulichukua sanduku. Lo! Lilikuwa limepigiliwa misumari pembeni, na juu ya kila pembe, kwa ustadi wa kupendeza, alikuwa amechonga mkia wa ndege.

"Fundi, hii ni nini?"

"Si wewe, Mwalimu, ulitaka mkia wa njiwa? Nikashangaa kidogo, lakini nikasema labda ni mambo ya chuo kikuu."

Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Lakini tulipolijaribu sanduku lenyewe, kicheko kilikatika. Mwanga ulipenya kwenye pembe, mahali misumari ilipoupasua ubao kidogo, na picha kwenye karatasi ikafifia mpaka haikutambulika.

Hapa msomaji anivumilie nieleze ni kwa nini pembe ni jambo kubwa. Neno kamera lina asili ya Kilatini, na maana yake ni chumba. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuishi Misri yapata miaka 1,000 iliyopita, alieleza jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuchora taswira ndani ya mahali penye giza. Mwaka wa 1604, Mjerumani Johannes Kepler aliandika juu ya 'kamera obskura', yaani chumba cha giza. Chumba kikapungua kikawa sanduku, na masanduku ni kazi ya seremala. Mwingereza William Henry Fox Talbot alipokuwa akijaribu kunasa picha kwenye karatasi mnamo 1835, alitumia visanduku vidogo vya mbao alivyovitegesha huku na huku nyumbani kwake, hata mkewe Constance akaviita mitego ya panya. Kamera za mwanzo zilikuwa fanicha. Na fanicha hii ina sharti moja ambalo kabati la nguo halina: isivuje hata uzi mmoja wa mwanga.

Sasa tulirejee kosa langu. Huo 'mkia wa njiwa' niliutoa wapi? Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa jopo lililoketi kuandaa faharasa ya maneno ya ufundi. Tulikuwa wasomi watupu mezani, chai na mandazi mbele yetu, na orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza. Tulipofika kwenye aina ile ya kiungo ambapo ncha za ubao mmoja huchongwa zikapanuka kama mkia wa ndege na kuingia katika mapengo ya ubao wa pili, tulitafsiri neno kwa neno. Waingereza walimwona njiwa, nasi tukamwona njiwa. Laiti tungechungulia nje kidogo! Wajerumani na Wafaransa, kwa kiungo kile kile, humtaja mbayuwayu. Kila watu walitazama ndege wao. Sisi tulitazama ndege wa jirani.

Wala hatukumwuliza seremala hata mmoja.

Kwamba rika langu hakulielewa neno haimaanishi kwamba hakukijua kiungo. Alinivuta hadi kwenye kabati alilokuwa akilimalizia, akachomoa droo moja, akaigeuza. Pembe zake zilikuwa zile zile nilizotaka mimi, zimekaa sawasawa, hamna msumari hata mmoja.

"Kumbe unazijua! Nyinyi mnaiitaje hii?"

Alifikiri kidogo. "Jina? Hapa tunasema tu mbao zimeumana. Ungeniambia unataka pembe ziumane, ningekuelewa siku ile ile."

Nilisimama pale nikiwa na droo mkononi. Zimeumana! Kitenzi -uma, chenye maana ya kutia meno, kimepewa kiambishi cha kutendana -an-, na papo hapo tuna picha nzima: ubao huu umemng'ata mwenzake, na mwenzake naye kamng'ata. Hakuna ndege anayehitajika. Kamusi zetu zinalo neno hili tangu zamani. Mimi mwenyewe hulitumia darasani kutolea mfano wa kauli ya kutendana, lakini sikuwahi kuliona likifanya kazi yake.

Nikaagiza sanduku la pili. Safari hii sikuandika chochote. Niliketi kwenye kigogo, nikafungua daftari na kusikiliza.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba fundi huyu, akiwa kazini, hatumii nomino nyingi. Husema kwa vitenzi. Chukua misumeno. Ukutani pana misumeno miwili mirefu inayofanana machoni pa mtu kama mimi. Jopo letu lilihangaika mchana mzima kuitafutia majina. Yeye alimwambia mwanagenzi wake, binti wa miaka 20 hivi: "Leta ule wa kupasua." Baadaye kidogo: "Sasa nipe wa kukata." Basi. Katika Kiswahili cha mafundi, kupasua ni kuufuata urefu wa mti, na kukata ni kuupitia mti upande kwa upande. Tofauti hiyo imo katika vitenzi vyenyewe. Hata mwanakijiji asiye fundi hupasua kuni kwa urefu na kukata mkongojo kwa upana.

Na tofauti hiyo si ya maneno tu. Aliniwekea misumeno yote miwili mwangani. Meno ya msumeno wa kupasua yametiwa tupa yakasimama kama patasi ndogo zilizojipanga mstari, kila moja inabandua kipande chake. Meno ya msumeno wa kukata yamenolewa kwa mshazari kama visu, kwa sababu nyuzi za mti zikivukwa upande ni lazima zikatwe kwanza, la sivyo zitang'oka na kuacha majeraha. Atumiaye msumeno wa kupasua kukatia ataharibu mbao. Atumiaye wa kukata kupasulia atatoka jasho bure.

Nikamchokoza kwa methali yetu maarufu isemayo sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

"Huo si msumeno wangu," akajibu. "Wangu hukata ukisukumwa. Ukirudi, unapumzika. Unaokata kwenda na kurudi ni ule wa watu wawili, wa kuangushia magogo."

Nimefundisha methali hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Sasa nitaifundisha vingine. Ule msumeno unaokata mbele na nyuma una vipini viwili, na huku na huku kumeshikwa na mtu. Sheria kama hiyo basi hakatiwi mmoja tu.

Tukaja kwenye randa. Neno hili halikuzaliwa huku. Liko katika Kiajemi na katika lugha za Bara Hindi kwa maana ile ile, na likatufikia kupitia bahari. Halihusiani na kuranda, kule kuzurura mitaani. Ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti tu. Tazama Kiswahili kilivyolipokea: hatukusema tunairanda mbao moja kwa moja, bali kwanza tulisema tunaipiga randa. Ndivyo tulivyofanya vilevile na pasi, simu na picha. Nomino ngeni ikiingia, tunaipa kitenzi -piga kiibebe. Kwa hiyo huyu mwenzangu hupiga randa, na kamera yake itapiga picha, na -piga ni lile lile, mali yetu wenyewe.

Vipande vyembamba vinavyojikunja na kuanguka randa inapopita huitwa maranda. Fundi huyasoma kama daktari asomavyo damu. Maranda marefu yasiyokatika yanaonyesha kwamba unaufuata mti. Yakitoka vipande vipande na uso wa ubao ukakwaruzika, unapingana nao. "Umepingana na mti," humwambia mwanagenzi, naye huugeuza ubao bila kuuliza. Vitabu vyetu husema 'mwelekeo wa nyuzi za mbao'. Si kosa. Lakini pima mwenyewe, msomaji, ni kauli ipi itakayomgeuza mtu mkono kwa haraka zaidi.

Ubao wenyewe ulikuwa wa grevilea, mti ambao wengi huku huuita mukima. Nao ni mgeni. Asili yake ni mashariki mwa Australia, na uliletwa kutia kivuli mashamba ya kahawa na chai. Leo umejaa kwenye mipaka ya mashamba ya Embu na Meru hata mtoto hawezi kuamini kwamba haukuwepo tangu kuumbwa kwa mlima. Ukipasuliwa vizuri, uso wake huonyesha madoa yanayometa. Lakini vumbi na utomvu wake huwawasha baadhi ya watu ngozi, kwa hivyo binti yule hufunga mikono ya shati anapoupiga msasa.

Msasa nao una hadithi yake. Kabla ya karatasi ya dukani, msasa ulikuwa, na ungali, mti wenye majani yanayokwaruza, nayo ndiyo mafundi waliyosugulia mbao. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani. Kurasa za michezo za magazeti yetu zikalichukua tena, na leo hii timu hupigwa msasa na kocha kabla ya mechi.

Kando ya karakana palikuwa na kigoda cha zamani, cha mti wa muringa, kilichochongwa kutoka gogo moja: kikalio na miguu, yote mti mmoja. Hakina kiungo. Wazee wa Embu, Mbeere na Meru hawakuhitaji gundi wala msumari kuketi kwa heshima. Kwa Kiembu kinachokaliwa huitwa gĩtĩ. Msomaji atakuwa amelitambua: ni kiti kile kile cha Kiswahili. Lugha za Mlima Kenya hufuata kanuni ambayo wanaisimu huiita Sheria ya Dahl, ambapo sauti k hugeuka g ikifuatwa na silabi yenye t, k au mfano wake. Ndiposa kiti ni gĩtĩ. Hatukukopeshana, tulirithi pamoja.

Sasa tuziweke nomino na vitenzi kwenye mizani. Randa, kama nilivyosema, inatoka ng'ambo. Meza ni ya Wareno, na parafujo pia. Sanduku ni la Waarabu. Kabati na kamera vimekuja na Waingereza. Lakini kukata, kupasua, kuchonga, kutoboa, kuunga, kuumana? Vyote ni vya Kibantu. Majina yalishuka bandarini pamoja na bidhaa. Matendo yalikuwa yameshakaa mikononi mwa watu. Ukitaka kuijua historia ya biashara ya pwani, soma nomino za seremala. Ukitaka kuujua ufundi wenyewe, sikiliza vitenzi vyake.

Huenda msomaji akauliza: haya, Profesa, na mambo haya yanamsaidia nani?

Yanamsaidia yule binti. Ameufanya mtihani wa ufundi mara mbili. Sehemu ya vitendo hufaulu, tena vizuri. Sehemu ya nadharia, ambayo ni ya Kiingereza, humwangusha. Aliniambia kwamba swali moja lilimtaka aeleze tofauti kati ya misumeno miwili. Aliliacha wazi. Nilimwuliza kwa Kiswahili: "Msumeno wa kupasua na wa kukata una tofauti gani?" Alinieleza dakika tano bila kusita, habari ya tupa, ya mshazari, ya nyuzi zinazong'oka, kisha akanichorea jino kwenye vumbi la mbao. Mtu huyu hakukosa maarifa. Alikosa mlango wa kuyatolea.

Vyuo vya ufundi vya vijijini katika nchi hii vilianza kuchipuka baada ya ripoti ya baraza la makanisa ya mwaka wa 1966, iliyouliza vijana waliokosa nafasi za sekondari wataenda wapi. Shabaha ilikuwa kuwapa ujuzi wanaoweza kuutumia pale walipo. Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, ungetarajia kwamba kijana wa karakana anaweza kuulizwa juu ya kazi yake kwa lugha anayoifanyia kazi. Bado. Na kila tukidai hivyo, tunajibiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha.

Hapo ndipo sisi wasomi tunapopaswa kujilaumu. Jopo letu liliamini kwamba istilahi ni orodha: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Tukatoa faharasa ambayo mwalimu wa ufundi haielewi na fundi anaicheka. Kisha tunashangaa haitumiki.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, asikae mtu kubuni neno la ufundi kabla ya kushinda siku kadhaa katika karakana na daftari, akiandika sentensi nzima badala ya maneno mamoja mamoja. Pili, zana ielezwe kwa tendo lake. Kusema randa ni 'kifaa cha seremala cha kulainishia mbao' hakumpi mwanafunzi njia ya kuitofautisha na msasa, ilhali randa hubandua na msasa husugua. Tatu, panapohitajika jina jipya, tulizae kutoka kwenye kitenzi kilichopo. Kama mbao zimeumana, basi hicho ni kiungo cha kuumana, na mkia wa njiwa tumwachie njiwa.

Sanduku la pili lilikuwa tayari baada ya siku tisa. Tulilifunika nyuma kwa kitambaa cheusi, mpwa wangu akaingiza kichwa, sisi tukangoja. Pembe hazikuvuja. Kwenye karatasi, kichwa chini miguu juu, akauona mgomba ulio uani, na kando yake mama mmoja akipita na mtungi wa maji. Binti naye akatazama, kwa muda mrefu kuliko sisi sote, kisha akauliza kama anaweza kutengeneza la kwake.

Nilipokuwa nikiaga, rika langu alikataa nimlipe sanduku la kwanza. Alisema ni kazi iliyoharibika. Nikamwambia iliyoharibika ni lugha yangu, mbao hazina kosa, na nikamlipa. Sanduku lenye mikia minne sasa liko juu ya meza yangu ya kazi, karibu na kamusi. Wanafunzi wangu wa uzamili wakiuliza ni la nini, huwakumbusha kwamba fundi, kufunda, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya shina moja, kisha huwapa nauli ya kwenda Karurumo.